Mfagiaji wa Montefosco na Ufunguo wa Nunziata

Asubuhi, kabla basi la wageni halijapanda kilima, Ersilia Bovenzi anafagia vichochoro vya kijiji cha Montefosco. Akifika kwenye mlango wa kijani anasimama, anaugusa ufunguo uliochomekwa kwa nje, kisha anaendelea.

Nyumba ni ya dada yake, Nunziata, aliyefariki wakati wa baridi. Hapa ufunguo haukai mfukoni. Ukiwa mlangoni, mwenyewe yupo; bisha uingie. Mtu akifa, wa karibu yake huutoa, na nyumba nayo huwa imekufa.

Ersilia hajautoa. Mtoto wa Nunziata, aliyeko mjini Torino, anataka kuuza, lakini amemwahidi mama yake mdogo kwamba hataiuza nyumba ufunguo ukiwa bado mlangoni.

"Wananicheka," anasema Ersilia. "Kwani ufunguo unakula?"

Basi linashusha wageni. Wengi wanapanda mnarani. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya ukindu anabaki kichochoroni. Anautazama mlango wa kijani, anatazama madirisha, anakaa kwenye ngazi ya jirani.

"Ersilia! Mchumba wako hataki kuondoka," anaita Gaudenzio, mwenye mkahawa.

"Mchumba gani? Dalali huyo. Tazama viatu."

"Viatu vina nini?"

"Vipya. Katumwa kutoka Torino."

"Au ni mwizi."

"Mwizi angeona haya kidogo."

Juu dirishani, jirani yao Iole anamwagilia chungu kilekile cha maua tangu basi lifike. Maji yanachuruzika ukutani, macho yake yako kwa mgeni.

Kengele ya mchana inalia. Ersilia anaugusa tena ufunguo akipita, kisha anapeleka taka nje ya lango la kijiji. Anaporudi, mlango wa kijani hauna ufunguo.

Ufagio unamponyoka.

Mgeni anamjia akitabasamu, ufunguo kiganjani. "Mama, nimekuona ukiugusa kila ukipita, nikajua ni wako. Umeusahau nje! Nimeulinda tangu asubuhi. Yule bwana wa mkahawa simwamini hata kidogo, hajaacha kuutazama mlango wako."

Gaudenzio hacheki. Iole ameweka kopo chini.

Ersilia anaupokea. "Asante," anasema, kwa sauti ndogo. Mgeni anainua kofia na kwenda zake mnarani, ameridhika.

"Rudisha upesi," Gaudenzio ananong'ona. "Kautoa mgeni. Haihesabiki."

"Nyamaza kwanza." Anaupimapima mkononi. "Mzito. Sikujua kama ni mzito hivi."

Anafungua, anaingia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, madirisha ya Nunziata yanafunguliwa, moja baada ya jingine. Anatoka na aproni ya dada yake, anaikung'uta vumbi mlangoni, anaikunja vizuri na kuitia kwapani. Halafu anauchomeka ufunguo mahali pake.

"Haihesabiki, kweli," anasema. "Lazima autoe mtu wake. Zabibu zikishavunwa nitautoa mimi, mchana, watu wote wakiona. Mtoto auze. Lakini mnunuzi nitamwambia: ufunguo wako uweke nje."

"Akikataa?" anauliza Gaudenzio.

Ersilia anauokota ufagio.

"Basi mlangoni kwake atafagia mwenyewe."