Kifua cha Kaka Yangu

Wakati serikali ilipoachia biashara, kila kitu kikawa ruksa, na malori ya Dar es Salaam yakaanza kufuata ndizi mpaka vijijini kwetu, nilipata kazi niliyoitamani maisha yangu yote: kutembea. Tajiri mmoja wa lori alitaka mzee anayefahamika, apite mashambani kuanzia Nkunga hadi Mpuguso, atazame mikungu iliyokomaa na kupatana na wenyewe. Mimi niliacha shule darasa la tatu kwa kutaka kujua barabara inaishia wapi. Nilifika Chunya, Sumbawanga, hata Zambia. Nani angenishinda?

Siku ya kwanza nilimwomba kaka yangu anisindikize, ingawa ananizidi umri. Tulipopanda kutoka mtoni nilisimama njiani, mikono magotini, kifua kikipiga mluzi. Yeye alikuwa ameshafika juu anaongea na mwenye shamba, na bado alikuwa na pumzi ya kucheka. Nilimchukia kwa kicheko kile. Tajiri, aliyekuwa akingoja kando ya lori, alituona sote wawili.

Nikaenda zahanati. Mganga alishangaa kusikia kwamba sijawahi kuvuta sigara, akaniuliza utotoni nililala wapi. Nikamweleza: nyumba ya chumba kimoja, moto katikati, nje mvua ya kwetu isiyokatika. Nilikuwa mtoto wa kukohoa, na mama, kama akina mama wengi wa huku, aliamini kuwa moshi unakausha kifua. Kila nilipokohoa alinisogeza karibu zaidi na moto, akaziba nyufa kwa majani makavu ya migomba. Tulikula ndizi za kuchemsha, na si kila siku. Kaka alikuwa ameshachukuliwa na shangazi kwenda kuishi kwake kijiji cha Ibighi, ambako jiko lilikuwa nje na ng'ombe alikamwa kila asubuhi.

Nilimuuliza mganga maswali mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kunung'unika. Alisema mapafu hukua utotoni. Yakibanwa wakati ule na moshi na njaa, ujanani mtu hajui. Uzeeni anajua.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Nilimkuta anapasua kuni, fulana imelowa jasho. Nikamsimulia ya mganga, kisha nikamwambia kwamba kile kifua anachoringia ni maziwa ya shangazi.

Akaweka shoka chini. "Na mimi mama alinisogeza wapi, mdogo wangu?"

Akajifuta jasho kwa fulana, akaendelea.

"Wewe ukikohoa, aliamka. Mimi nilikohoa Ibighi, nikaambiwa nigeukie ukutani. Kila nilipokuja nyumbani nilikukuta mapajani mwake. Nikatamani niugue."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na bado niliona yeye ndiye aliyepata fungu kubwa. Mama ameshakufa; kifua cha kaka kipo, kinapanda milima. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Basi tubadilishane," akasema, "kama unajua pa kubadilishia." Akaokota shoka lake.

Tajiri alimpa yeye ile kazi. Mimi nilipewa kukaa barabarani kupokea mikungu. Asubuhi namwona akiteremka kwenye migomba na koti lake la mtumba, halafu nasikia sauti yake ng'ambo ya bonde, akisalimia nyumba hadi nyumba. Akirudi namuuliza kila kitu: nani kajenga, njia ipi imekatika, kuna nini nyuma ya kile kilima cha mwisho.

Hakuangalia, anasema. Alikuwa anatazama ndizi.