Minyororo ya Theluji kwa Njia ya Bafwasende

Kisangani nzima, nathubutu kusema, mimi peke yangu nilikuwa nimewahi kufunga mnyororo wa theluji kwenye gurudumu kwa mikono yangu. Nilijifunza Ubelgiji. Huko nilisoma ufundi wa magari mchana na kuosha sahani za mikahawa jioni, ukoo haukunichangia hata nauli, mpaka nikapata diploma. Jipi niliyorudi nayo ilitoka kwenye jasho hilohilo. Ilipanda mto kutoka Kinshasa juu ya boti la mizigo, nami nikalala juu ya boneti njia yote ili mtu asinyofoe taa.

Kisha vita vikaingia mjini. Niliipandisha jipi juu ya matofali uani, magurudumu nikayaficha nyuma ya choo chini ya kuni, kwa sababu wakati ule gari lenye magurudumu lilikuwa mali ya kila mwenye bunduki.

Mama yangu alikuwa Bafwasende, kwenye shamba lake la mpunga. Mapigano yalipotulia kidogo, katikati ya mvua, ujumbe ulifika kwa fonii, ile redio tuliyotumia tangu simu zilipokufa. Dada yangu ndiye aliyesema: tumbo la mama limevimba, hawezi tena kusimama, na daktari wa kule amekimbilia msituni. Sisi mjini bado tulikuwa na daktari wa kupasua. Basi kazi ilikuwa moja tu, kumleta mama kabla bunduki hazijaanza tena.

Njia ile wakati wa mvua si njia. Ni mashimo ya matope yaliyounganishwa na msitu, lori linazama mpaka milangoni. Lakini nilikuwa na jozi moja ya minyororo kutoka Ubelgiji, ya pete nyembamba, na nilijua la kufanya nayo.

Watu hudhani mnyororo huchaguliwa kwa unene. Huchaguliwa kwa nafasi. Jipi za aina ile zimebanwa magurudumuni: upande wa ndani, kati ya tairi na chuma cha springi, kidole changu hakikupita. Nikazitoa tairi zake pana, nikaomba nyembamba za kimo kilekile kwenye karakana ya mapadri, na kidole kikapita. Kwenye nafasi hiyo mnyororo mwembamba ungezunguka bila kugusa kitu. Mnene usingezunguka hata ungesomewa misa. Tena niliamua uwe nyuma, maana gurudumu la mbele linapokata kona husogelea mpira wa breki. Nilifunga, nikazungusha kwa mkono, nikasikiliza. Kimya kabisa. Nikaifungua tena minyororo, nikaitundika ukutani ingoje safari, na nyuma ndani ya gari nikatandika godoro la mama.

Tonton, mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Alikuja kuitazama ile minyororo akacheka mpaka akashika mlango.

"Mutoto yangu, hii shene iko ya kufunga mbwa!"

"Tonton, inatosha. Nafasi ni ndogo."

"Nafasi gani? Huku hakuna neige, Papa Mpoto. Huku iko potopoto. Potopoto inakula lori, sembuse hii bracelet ya mukono."

Majirani wakacheka naye; Mpoto kwetu ni Ulaya, na potopoto ndiyo matope. Tangu siku hiyo nikaitwa Papa Neige, Baba Theluji. Nilimweleza Tonton tena, taratibu, nikachukua kidole chake mwenyewe nikakiingiza pale ndani. Akakichomoa, akakipangusa kwenye suruali yangu.

"Bon," alisema. "Diplôme imesema."

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa rafiki yake, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, ambaye lori lake lilikuwa limelala tangu vita vianze. Akamwomba minyororo ya lori, pete zake nene kama dole gumba. Kwetu, kitu ambacho mzee amekuombea kwa mwenzake hukikatai. Ukikikataa umemvua nguo mbele ya rafiki yake. Mimi nilikikataa. Nilisema shukrani, nikasema haitaingia, nikavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kukodi, kwenda Lubunga kutafuta mafuta kwa watu wa reli.

Niliporudi na mabidoni ya mafuta, ua ulikuwa umejaa watu, na jipi imegeuzwa kuelekea barabarani. Tonton alikuwa amemwita dereva wa lori la rafiki yake. Wamefunga ile minyororo minene, tena mbele.

"Mbuzi anavutwa kwa shingo," Tonton aliniambia, "havutwe kwa mukia."

Walitaka kumwonyesha mwenye minyororo kwamba imepokelewa. Dereva akakata kona kutoka langoni. Sikuhitaji kuambiwa, nilisikia pete zikisaga chuma. Mafuta ya breki yalikuwa yanatiririka mchangani. Mpira ningeukunja na kuufunga kwa waya, kama wafanyavyo madereva wa msituni, nikaondoka hivyohivyo. Lakini pete moja ilikuwa imenasa kwenye fimbo ya usukani, ile inayogeuza magurudumu ya mbele, na kuipinda kama kijiko.

"Hiyo gari yako iko dhaifu," alisema Tonton. "Wamekuuzia carton."

Nilitembea mji mzima nikitafuta fimbo ile. Karakana zilikuwa zimeporwa mpaka vitasa. Nilijaribu kuinyoosha kwa moto, ikapasuka. Nilipoipata hatimaye, kwenye mzoga wa jipi uliokuwa ukioza karibu na maporomoko ya Wagenia, wavuvi wakiutumia kuanikia nyavu, fonii ilikuwa imeshaita. Dada yangu alisema mama ametutoka. Walimzika siku ileile.

Nikafunga fimbo, nikafunga minyororo yangu, myembamba, nyuma. Tulikwenda matanga. Tonton alikaa mbele, kwa kuwa mzee hukaa mbele, na shangazi zangu wakakaa nyuma, juu ya lile godoro. Tulipita kila shimo. Mahali ambapo malori yalikuwa yamelala ubavu tulipita tukizunguka polepole, pete zikiuma tope, hakuna kilichogusa kitu.

Kule matangani Tonton ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya ukoo. Alisema: "Mutoto yetu iko na diplôme ya Mpoto, lakini mama hakumuona." Watu wakaguna kwa huzuni, wakanitazama mimi. Dada yangu naye alinitazama. Sikujibu, kwa sababu matangani mdogo hamjibu mkubwa, na mpaka leo sijapewa mahali pengine pa kujibia.

Wakati wa kurudi, kwenye shimo baya kuliko yote, jipi iliinama, ikashika, ikatoka. Shangazi zangu walikuwa wamelala nyuma kwenye godoro la mama yangu. Tonton akanipiga begani, amefurahi kweli.

"Umeona?" alisema. "Nilikuambia mimi. Bila shene, hii njia haipitike."