Mkimbiaji wa Tatu

Zephania alikuwa na mdomo. Tuanze hapo hapo, maana wapo watakaokuambia alikuwa mtu mpole, na hao hawakuwahi kufanya kazi naye. Ukikosea kwenye chumba cha kompyuta hakukufokea. Alikusogelea taratibu, akakutazama kama mwalimu wa zamu aliyekukamata na shati chafu, kisha akakuuliza, "Wewe, ulishawahi kukimbia?" Ukisikia hivyo ujue hotuba imeanza, na kahawa yako itapoa.

Yeye alikimbia. Alisoma sekondari Musoma, akawa mkimbiaji wa tatu katika mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa tatu hana sifa, hata mama yake hamtambui uwanjani. Wa kwanza anasifiwa kwa kuchomoka, wa mwisho anakata utepe na kubebwa juu juu. Wa tatu kazi yake ni kupokea na kukabidhi, basi. Mwalimu wao aliwafundisha mambo mawili. La kwanza, usikiachie kijiti mpaka usikie mkono wa mwenzako umekikamata. La pili, usikae nacho mpaka ukapita mstari wa kukabidhiana, kwa sababu hapo timu nzima inatolewa, hata kama mlikuwa mnaongoza.

Alifika Stockholm mwaka 1968 kwa mafunzo ya ufundi wa umeme. Mafunzo yakaisha, yeye akabaki. Akapata kibarua cha kubeba kanda katika shirika moja la bima pale mjini. Kompyuta za enzi hizo, jamani, si hizi mnazoweka mapajani. Moja ilijaza ukumbi mzima, makabati kwa makabati, yakinguruma mchana kutwa, na humo ndani baridi ya kupozea mitambo ilikuwa kali kiasi kwamba watu walivaa sweta hata Julai. Kumbukumbu zote za shirika zilikuwa kwenye kanda zilizoviringishwa kama mkanda wa sinema. Ukiweka kanda siyo kwenye mtambo siyo, umefuta jasho la watu la mwezi mzima.

Na walikuwa wakizifuta, wee! Zamu ikiisha, mtu alivaa koti, akaacha kikaratasi mezani, huyoo, treni isimwache. Anayeingia anabaki kukisia. Kuna mwezi wazee wa kusini walipelekewa hati za malipo za wazee wa kaskazini. Wakubwa wakatafuta nani alaumiwe, na kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuwa huyo nani, kila mmoja alificha makosa yake mpaka yakaoza.

Zephania alipofanywa kiongozi wa zamu, mwaka 1973, alikwenda kwa Gunvor, mama wa Kiswidi aliyekuwa mkuu wa chumba kile, akamwambia, "Hapa hamna timu. Hapa kuna watu wanaofanya kazi chumba kimoja." Gunvor alivuta sigara yake, akamwambia jaribu basi. Zephania akajaribu. Alipiga marufuku mtu kuvaa koti kabla anayeingia hajarudia kwa kinywa chake mwenyewe kanda ipi iko mtambo gani na kazi imefika wapi. Jumamosi, kazi zikiwa chache, alizima mtambo mmoja kwa makusudi na kuwaambia wafufue. Timu isiyofanya mazoezi ya kufungwa, alisema, ikifungwa moja itafungwa tano. Kila mtu akafundishwa nafasi ya mwenzake, kama mchezaji wa akiba anayejua kucheza pembeni na nyuma. Na kosa likitokea, aliwakalisha wote na kahawa na mikate ya mdalasini. "Tunaongelea mchezo, hatumwongelei mchezaji. Tunauliza nini kilitokea. Hatuulizi nani."

Waswidi walicheka mwanzoni, huyu Mwafrika katuletea michezo ya shule. Baadaye hawakucheka. Watu waliacha kuficha, na mtu aliyeharibu alisema mwenyewe kabla harufu haijatoka. Gunvor akawa analeta wageni wa mashirika mengine waje waone. Kwa kweli alijivuna, Zephania, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Method aliingia zamu hiyo mwaka uliofuata. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, kijana mrefu, mpiga miluzi, asiyeacha kukumbusha watu kwamba kwao shule zilitangulia. Zephania alimwita Nshomile, yaani msomi, naye Method alimwita Kaka, na si Kaka ya mdomoni tu. Waliishi kama waliotoka tumbo moja. Jumapili walikwenda pamoja Fittja, kitongoji cha pembeni mwa Stockholm, kwa Theresia, mama wa Bukoba vilevile, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu kwenye yale majengo mapya na sufuria isiyojua kukataa mgeni. Huko Method alikuwa na hadithi moja tu, mama yake. Mama aliwalea yeye na dada yake Adelina peke yake, baba alishafariki. Hajamwona tangu aondoke nyumbani. Alikuwa akidunduliza likizo zake ili kiangazi kikifika aende akae naye miezi miwili mizima. "Nikifika," alisema, "sitoki jikoni kwake." Theresia alimwambia aache utoto. Hakuacha.

Sasa, Zephania naye alikuwa na kidonda chake. Mwaka 1971 aliletewa habari kwamba baba yake hali yake ni mbaya, aje. Akapanda ndege, na njia nzima, kutoka Stockholm mpaka Dar, kutoka Dar mpaka Musoma, alimwomba Mungu. Alimwahidi Mungu mambo ambayo mtu hapaswi kumwahidi. Akafika nyumbani akakuta kaburi, udongo umeshakauka. Mzee alikuwa amekwisha kufa hata kabla habari haijatumwa. Wajomba wakamwambia, mwanetu, msiba hautupwi kwa mtu aliye mbali, peke yake, bila wa kumshika. Ndivyo tulivyo. Zephania aliwaelewa. Hata hivyo ile sala ilimkaa kooni miaka yote. "Nilimwombea maiti apone," alimwambia Theresia siku moja, na akalia mbele yake bila haya.

Kwa hiyo tusimhukumu upesi. Tutamhukumu, lakini si upesi.

Ilikuwa Februari ya 1976, siku ya kutengeneza malipo ya wastaafu. Siku hiyo ndiyo fainali yao ya kila mwezi. Mafua yalikuwa yamelaza wawili, benchi halina mtu, na Method alikuwa akishika nafasi mbili kwa mpigo. Asubuhi, simu ya mezani kwa Zephania ikalia. Ilikuwa sauti ya mbali, inakwaruza.

"Naomba kaka Method. Ni mimi Adelina, dada yake, nipo Dar."

"Adelina! Hapa ni Zephania. Kuna nini, dada?"

"Kaka Zephania, tumemleta mama hospitali huku Dar. Hali yake mbaya sana. Anataka kumsikia Method. Mkuu wa wauguzi katuruhusu tukae na simu yake. Yuko hapo karibu?"

Zephania akainua macho. Method alikuwa pale pale, nyuma ya kioo, kanda mbili mkononi, anapiga mluzi ambao mngurumo wa mitambo uliumeza. Akamwona Zephania akimtazama, akamwinulia kidole gumba.

"Yuko mbali kidogo na simu," Zephania akasema.

"Basi mwambie apige, haraka kaka yangu. Tunangoja hapa hapa."

Akampa namba, laini ikakatika. Zephania akabaki na mkono wa simu sikioni. Hali yake mbaya sana! Aliyajua maneno hayo, aliwahi kuyala. Moyoni mwake mama alikuwa amekwisha kufa, na huyo dada, maskini, anafanya kama watu wote wa nyumbani wafanyavyo. Je, amwite Method aje asikie uongo huo, aanze kumwombea maiti? Au auone ukweli amesimama peke yake kati ya makabati, Waswidi wanamtazama wasijue hata pa kumshika? Hapana. Mtu aambiwe akiwa amekaa, ameshikwa bega, wenzake wamemzunguka. Akampigia Theresia, akamwambia mama yake Method amefariki. Theresia akalia, akaanza kuwatafuta watu, akabandika sufuria.

Na lipo jingine, tuliseme. Malipo ya wastaafu yalikuwa katikati, na bila Method yasingetoka siku hiyo. Zephania hakulifikiria hilo. Au alilifikiria kidogo, kwa pembeni, kama mtu anayeona nzi na kumwacha. Hata yeye hakujua, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Zamu ikaisha vizuri. Method alikabidhi kwa mwenzake neno kwa neno, akavaa koti. Zephania akamwambia, "Tupitie kwa Theresia." Ndani ya treni Method alikisia kilichopikwa, samaki au ndizi, akabishana na nafsi yake mwenyewe. Zephania alicheka panapochekwa.

Walipofika mlangoni kwa Theresia, Method akasimama. Viatu vilikuwa vimejaa pale chini, viatu vya watu wazima, siku ya kazi. Huyo alikuwa mtoto wa watu, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Nani?" akauliza.

Wakamketisha kwanza. Mzee Mashauri, fundi seremala aliyechukuliwa na Watanzania wote wa pale kama mzazi wao, akamshika mabega. "Mwanangu, jikaze. Mama ametuacha."

Method alilia kilio ambacho Theresia alisema hajakisikia tangu atoke kwao. Wakamshika, kama ilivyopaswa. Wakasali rozari, hata waliokuwa si Wakatoliki. Zephania alikaa miguuni pake, mkono wake umeshikwa na Method, na ndani ya majonzi yale, Mungu amsamehe, alijisikia ametenda jambo jema. Hakuna aliyemdanganya mdogo wake. Method hakumwombea maiti.

Alipotulia kidogo, Method akaomba azungumze na dada yake. Zephania akatoa namba, Theresia akaomba laini ya Dar kwa simu yake ya ukutani, wakangoja. Ikaja.

"Adelina, pole dada yangu. Wamekwisha kuniambia. Mnazika lini?"

Sauti ya Adelina ilikuwa kubwa, kila mtu aliisikia. "Wamekuambia nini? Nani kakuambia? Method, mama kakata roho sasa hivi! Sasa hivi tu, hata macho hatujamfumba vizuri. Tangu asubuhi tunakungoja, ulikuwa wapi?"

Theresia akashika kinywa. Walikuwa wamemlilia na kumsalia mtu aliye hai, anayepumua.

"Alikataa kurudishwa wodini," Adelina alikuwa akilia sasa. "Tukakisogeza kitanda mpaka penye meza ya simu. Kila ikilia, simu za watu wengine tu, anasema ndiye huyo, ndiye huyo. Tena akasema, mwambieni nimekula, asihangaike."

Method akarudisha simu ukutani polepole. Hakumtazama mtu yeyote ila Zephania.

"Alipiga saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Zephania akajaribu kueleza. Akataja baba yake, kaburi, sala ile. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza siku zote, jambo baada ya jambo, nini kilitokea kisha nini.

"Baba yako alikuwa amekufa," Method akasema. "Mama yangu alikuwa hai. Nilikuwa wapi, Kaka?"

"Nyuma ya kioo."

"Uliogopa nilie, au uliogopa malipo yasitoke?"

"Method, tulia kwanza, tutazame nini kili—"

"Aa-aa. Leo nauliza nani."

Mzee Mashauri akainama. Zephania, yule mwenye mdomo, angeweza kusema mapenzi, angeweza kusema kazi, na yote mawili yangekuwa nusu ya kweli.

Method akaenda kuzika, akarudi. Gunvor, aliyesikia habari juu juu, akajitolea kuwatenganisha zamu. Method akakataa, akasema kazi ni kazi. Na kweli, kazi haikuharibika hata siku moja. Alipokea kanda, akarudia kwa kinywa chake kila kitu kilichohitaji kurudiwa, hakuruka neno. Ila alirudia kwa Kiswidi. Zamani walikabidhiana kwa Kiswahili, kwa utani, wenzao wakiwatania kwamba wanasengenyana. Sasa ilikuwa Kiswidi safi, cha heshima, kile unachomjibia karani wa posta.

Zephania hakukata tamaa. Kila asubuhi alimsalimia, "Habari za nyumbani, Method?" Na kila asubuhi Method alimtazama usoni bila chuki, akamjibu kwa Kiswidi, "God morgon," akachukua kanda zake. Ikapita 1976, ikapita 1977. Hasira angeiweza, alimwambia Theresia, hasira ina mwisho. Siku nyingine alijipa moyo kwamba pengine kijana amekuwa Mswidi tu, lugha imemkauka kinywani, huwapata wengi.

Jumapili moja akamuuliza Theresia. "Method akija huku kwako, anaongea Kiswahili?"

Theresia alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Anaongea mpaka tunamwambia anyamaze," akasema. "Na wote, Zephania. Mpaka na wageni."