Kikopo cha Baba

Pale maabara Kericho walimwita Waziri wa Choo. Miaka mitano Chepngetich amepima choo kubwa ya wachuma chai, akitafuta kuvu za tumboni, kisha mashine inamsomea jinomu, yaani DNA yote iliyomo. Cheo alikipenda. Akiposti picha ya sahani ya maabara imeota kuvu, anaandika: "Karibuni lunch, wapendwa."

Lakini kikopo cha choo namba 38 hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa cha babake, Mzee Nicholas wa Sosiot, aliyekuwa anakonda na kumeza kwa shida. Mwezi wa tatu sahani yake ilitoka safi. Chepngetich akapiga simu mbio: "Baba, uko sawa kabisa. Punguza tu chai ya moto." Mzee akaamini, hospitali akaacha kwenda.

Mwezi wa saba majibu ya jinomu yakafika. Kando ya 38, alama nyekundu: DNA ya binadamu iliyomo ni ya mwanamke.

Akampigia Chepchumba, bibi ya ndugu yake. Yeye ndiye aliachiwa kile kikopo.

"Mama Chelimo, hiyo choo ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Yako!"

"Sasa ningefanya aje? Baba mkwe! Hata kiti chake siwezi kalia. Nimwambie, 'Mzee, jisaidie hapa nibebe'? Wewe ungeweza?"

Chepngetich alikuwa na matusi tayari, akayameza. Ni yeye alimwachia Chepchumba kikopo, kwa sababu hata yeye, Waziri mzima, aliona haya kumtajia babake choo.

Jioni hiyo alikuwa Sosiot. Mzee alikuwa mifupa ndani ya blanketi, ulimi umefunikwa na utando mweupe.

"Baba, naomba choo yako. Nitashika mwenyewe."

Mzee akageukia ukuta. "Basi nishike nisianguke," akasema.

Siku ya tatu sahani ilijaa. Chepngetich alikuwa ameweka vidoti vitano vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, aone ni ipi itaua kuvu. Kuvu ilikuwa imeota ikavizunguka vyote, bila kuacha nafasi hata ya unywele; hakuna dawa iliyoiweza.

Akamsomea daktari wa hospitali majibu kwa simu. Daktari akauliza mzee ana kilo ngapi. Akaambiwa.

"Mlete," akasema. "Na ndugu zako wote wakuje."