Mtabiri wa Baridi ya Juu

Kila asubuhi, mama mtabiri wa hali ya hewa wa kiwanja kidogo cha ndege huko Yakutia hulipapasa puto lake la kupimia baridi ya angani kwa viganja vikavu, kisha huliachia taratibu, kama anayemlaza mtoto. Siku ile baridi ilifika digrii hamsini na tatu chini ya sifuri, na rubani Nyurgun alikuwa na mkunga wa kumfikisha kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu.

“Mama, hapa chini tu mafuta yanaganda. Huko juu si tutakufa?” Nyurgun akamwuliza mtabiri.

“Baridi nzito imelala chini, mwanangu. Paa upesi. Kwenye mita elfu moja utakuta ishirini na saba tu chini ya sifuri.”

Nyurgun akapaa, roho mkononi. Alipofika mita elfu moja akatazama kipimajoto, akaangua kicheko redioni: “Mama, ishirini na sita! Mkunga anaimba!”

Akasikia ofisi nzima ikishangilia, kisha sauti ya mama yule, kavu: “Sita? Hebu tazama tena vizuri.”