Adabu za Hoteli Ndani ya Ploti

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyogonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe nikiwa ndani. Usicheke bado.

Ujana wangu niliuanzia katika mji mdogo wa Bonde la Ufa wenye chemchemi za maji moto. Hoteli zake zilikuwa za kale, zimejengwa na Wazungu waliokuja kuloweka magoti yao mabovu katika maji yale yanayonuka kama yai viza. Yetu ilikuwa na veranda ndefu za mbao, na vyumba vya kuogea vyenye vigae vya kijani. Mimi nilitandika vitanda. Mama aliyetusimamia alitufunza sheria kubwa kuliko zote: mlango uliofungwa usiuguse. Mgeni akitaka kitu ataita. Usimuulize anakotoka wala kwa nini macho yake ni mekundu. Niliishika adabu hiyo kama sala, tena niliipenda, maana ilinifanya nijione mtu wa maana.

Miaka ya tisini wageni wakapungua, hoteli zile zikafungwa moja baada ya nyingine, popo wakahamia vyumbani. Nikaja Nairobi, nikapata chumba cha mabati katika ploti moja ya Kawangware, vyumba vya kupanga vinavyotazamana uani, na vibarua vya kufua nguo upande wa Riruta. Sheria yangu nikaja nayo.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Nafula, muuza mboga kutoka Magharibi mwa Kenya. Jioni ya kwanza aliniletea ugali na mboga ya mrenda. Nilipokea mlangoni, nikashukuru, nikafunga. Kesho yake nikamrudishia sahani ikiwa safi, inang'aa, na tupu. Hotelini sahani hurudi tupu, mwanangu. Kwenye ploti hurudi na kitu, hata kama ni nyanya moja. Alipokuja tena kunijulia hali, nilimjibu kupitia dirisha kwamba nimepumzika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikataa, nikabaki mgeni mwaka mzima. Wenzangu walipocheka kwenye bomba la maji, niliwasikiliza nikiwa nyuma ya mlango. Upweke ulikuwa ukinila, nami nikauita heshima.

Kisha malaria ikaniangusha. Komeo lilikuwa limefungwa, na nguvu za kusimama nilifikie sikuwa nazo. Asubuhi nikamsikia msichana wa chumba cha mwisho akisema, "Huyu leo hajatoka."

"Wachana na yeye," mwenzake akamjibu. "Hapendangi kusumbuliwa."

Wakapita. Hawakuwa wabaya, mimi ndiye niliyewafunza hivyo. Nililia, tena nililia kwa woga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chumbani mle nilihisi kifo kimeshavuta kiti. Ndipo nikajiburuta sakafuni mpaka mlangoni, nikaupiga kwa ngumi, nikiita, "Hodi! Hodi!"

Mama Nafula alisikia. Alimwita mumewe wakaling'oa komeo, akaninywesha uji, akanipeleka kliniki akiwa amenishika kiuno. Nilipopata nafuu alinikemea, mkono wake ungali kwenye paji langu.

"Wewe dada, unafikiri hapa ni hoteli? Hoteli ni ya watu wa kuenda. Sisi tunaishi hapa. Ukikufa ni sisi tutakuzika, na hata jina ya mamako hatujui."

Papo hapo nikamtajia jina la mama yangu.

Siku hizi Mama Nafula amelala kaburini kwao Magharibi, na ploti imekuwa ghorofa yenye milango ya chuma. Nyinyi vijana mnapita na waya masikioni, mnanirushia "Sasa, shosh!" yaani bibi, nami nafurahi hata kwa hilo. Ndugu zangu wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi shika haya. Usiishi kwako kama mgeni, wala usimwache jirani aishi hivyo. Sahani ya watu irudi na kitu. Mtu akikuambia hataki kusumbuliwa, msumbue kidogo. Na ukiona jua limepanda na mlango wangu bado umefungwa, usiseme bibi amepumzika. Gonga, mwanangu. Nisipoitika, vunja.

Mungu akujalie jirani msumbufu, na akupe umri mrefu wa kumsumbua na yeye.