Saa Mbili kutoka Dar es Salaam

Mwezi uliopita nilipanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Kilimanjaro kwenda Dar es Salaam, kumzika mdogo wangu. Binti mhudumu alitangaza kwamba safari ingechukua kama saa moja. Wenzangu walifunga mikanda wakaanza kusinzia. Mimi nilitazama chini, na milima ya Upare ilipotokea dirishani nikajifunika kanga usoni.

Nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Kwetu ni mlimani, juu ya Same. Wakati wa Waingereza, ndege ya kutoka Moshi ilipita kule juu ya tambarare mara chache kwa wiki, nasi tuliokuwa tukikata majani ya ng'ombe tulisimamisha mundu mpaka mngurumo uishe. Siku moja mwalimu akaifanya hesabu. Toka uwanja wa Moshi hadi wa Dar es Salaam, alikadiria, ni maili mia tatu. Ndege hukata maili mia na hamsini kwa saa. Darasa zima nilipata mimi tu. Nilirudi nyumbani nikiliimba jibu, na bibi, aliyekuwa akikoroga makande, akaniambia nipunguze maringo nikalete kuni.

Masika yale mama alishikwa na homa baada ya kumzaa mdogo wangu. Wanaume wa jirani wakafunga machela ili wamteremshe hospitali. Lakini kwetu mke hakutolewa nyumbani hivyo bila neno la mumewe, na baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Simu ya maandishi ilikuwa imepelekwa stesheni ya Same jana yake. Jirani mmoja alisema labda baba ameshanogewa na samaki wa pwani. Hakuna aliyecheka.

Bibi akaniita. "Wewe umesoma. Toka Darisalama, ndege inachukua muda gani?"

"Saa mbili, bibi."

"Una hakika?"

"Mwalimu aliniwekea vema."

Akawageukia wanaume. "Basi iwekeni chini. Hata kesho atakuwa hapa."

Hakuna aliyeuliza, hata mimi, kama kuli mweusi angepandishwa ndege ile. Machela ikaegemezwa ukutani. Kesho yake ndege ilipita, na mama akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba yumo. Nikasema yumo. Siku ya tatu, alfajiri, akafariki.

Baba alifika siku ya saba. Alikuja kwa lori mpaka Korogwe, kwa treni mpaka Same, kisha akapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi. Hakulia. Alimuuliza bibi jambo moja tu: kwa nini mkewe hakuteremshwa.

"Tulikusubiri," bibi akasema. Akanitazama.

Leo nyumba ya bibi imebaki msingi tu, na magugu yameufunika. Wote waliosimama uani siku ile wamekwisha, na sasa ameondoka hata yule mtoto mchanga. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimpikia, nilimfulia, mwishoni nilimuuguza. Kila nilipotaka kumwambia nilichomjibu bibi, nilimwona ametulia, nikanyamaza. Alikufa akijua tu kwamba mkewe alimsubiri, naye akachelewa.